Mpiga Zeze Naye ni Mtunzi

Usa River ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, chini ya Mlima Meru. Mashamba yake yamewavuta wafanyakazi kutoka mikoa mingi ya nchi yetu, na kila mmoja amekuja na lugha yake na nyimbo zake. Hapo ndipo mwandishi wa safu hii, akiwa safarini kutoka Visiwani, alipomkuta mzee mmoja wa Kigogo ameketi kivulini akipiga zeze. Alipoulizwa wimbo ule ni wa nani, alijibu kwamba ni wake, ameutunga mwenyewe. Vijana waliokuwa karibu wakacheka. Kwao, hiyo ilikuwa ngoma ya asili tu.

Kicheko hicho hakikuwa cha vijana peke yao. Wengi wetu twadhani kwamba wimbo wa asili hauna mtunzi, kana kwamba umejiotea kama majani ya porini. Dhana hiyo ni potofu, na ushahidi ni maisha ya marehemu Hukwe Zawose.

Zawose alizaliwa Ugogoni, Dodoma, mwaka 1938. Utotoni alichunga ng'ombe na kujifunza muziki kwa baba yake. Zeze ni chombo chepesi kukitazama: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini wa mti, nyuzi chache na uta wake. Lakini kukipiga ni kazi, kwani mkono mmoja huvuta uta na vidole vya mkono wa pili hutafuta sauti, huku mpigaji mwenyewe akiimba. Zawose alilimudu zeze, akaimudu na ilimba. Wala hakurudia tu ya wazee wake; alitunga nyimbo mpya juu ya nchi yake na maisha ya watu wake.

Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1962 aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alivutiwa na kipaji hicho, na Zawose akaitwa Dar es Salaam. Baada ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Albamu yake ya Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Alifariki dunia tarehe 30 Desemba, 2003, na jamaa zake wameuendeleza muziki huo.

Hapana budi tujiulize: wangapi wenye kipaji kama chake hawakuitwa na mtu?

Sisi wa Visiwani nasi tusijione tumesalimika. Mpiga fidla wa taarabu twamheshimu, na tangu Ikhwani Safaa ilipoundwa Unguja mwaka 1905 tumezoea kuwataja watunzi wetu. Je, mpiga zumari wa shamba, Unguja na Pemba, nani anamtaja?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, zote zinamtambua mtunzi. Lakini sheria haiwezi kumfaa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Ratiba ya sherehe humtaja mgeni rasmi kwa cheo na jina, kisha huandika "ngoma ya asili", basi. Afisa aandikaye ratiba hiyo anaweza, bila ya kuongezewa fungu lolote, kuandika jina la mtunzi na la kijiji chake. Aidha, shule iliyo jirani na fundi wa zeze inaweza kumwalika awafundishe watoto, naye alipwe ujira wake kama fundi mwingine yeyote.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa huko hakuishii kwenye soda na nauli ya kurudia nyumbani. Kunaanza na kutajwa.

Mwandishi wa safu hii aliondoka Usa River bila ya kumwuliza mzee yule jina lake. Kosa hilo ni lake, naye anakiri.