Hesabu ya mteremko: somo la Kericho kwa sisi wa Pwani

Makontena yanayoshushwa bandarini Kilindini husafiri mbali, na baadhi yake hupita kwa lori kwenye vilima vya chai vya Kericho. Wanaoyaendesha, wengi ni wana wetu. Basi ya huko yanatuhusu.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori la kontena liliacha njia likawaparamia wachuuzi, abiria na matatu zilizokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Oktoba 2018, katika kaunti hiyo hiyo, basi lilianguka Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50 pia. Kila ajali ina uchunguzi wake, na mimi si hakimu. Ninachotaka kueleza ni fizikia ya mteremko, ile tuliyoikariri sekondari kwa ajili ya mtihani tu.

Kitu kikiwa juu hubeba akiba inayoitwa nishati tuli. Nazi iliyo mnazini imetulia, lakini hakuna mwenye akili anayelala chini yake. Ikidondoka, akiba ile hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Nishati haipotei, hubadilika sura.

Sasa chukua lori la tani 40. Kutoka usawa wa bahari hadi Kericho, takriban mita 2,000 juu, dizeli imechomwa na sehemu ya nguvu yake imebaki kwenye lori kama akiba. Hesabu yake ni kilo mara 10 mara kimo. Likishuka kimo cha mita 100 tu, unapata 40,000 mara 10 mara 100: jouli milioni 40. Zote zikigeuka mwendo, lori litafika karibu kilomita 160 kwa saa.

Breki huzuia hilo kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Jouli milioni 40 zinatosha kuchemsha lita 100 za maji ya chai, na joto hilo huingia kwenye breki zenyewe. Zikipata moto kupita kiasi hazishiki, hata dereva akanyage kwa miguu miwili. Ndiyo maana dereva mzoefu huweka gia nzito kabla hajaanza kushuka, ili injini ibebe sehemu ya kazi ya kulizuia lori.

Kasi nayo ina hesabu yake. Mzigo ukiongezeka maradufu, nishati ya mwendo huongezeka maradufu. Kasi ikiongezeka maradufu, kutoka 40 hadi 80, nishati huwa mara nne. Mizani ya Mariakani itapima uzito. Kasi ya mteremkoni imo mguuni mwa dereva.

Kwa hiyo tajiri anayempigia dereva simu awahishe mzigo ajue anachoagiza. Breki zikaguliwe kabla ya safari, si baada ya msiba. Na serikali za kaunti ziwatafutie wachuuzi mahali pa kuuzia mbali na mwisho wa mteremko, mahali penye wateja kweli, la sivyo watarudi barabarani. Mama anayeuza viazi hapo hana breki ya kukanyaga.

Mungu awarehemu waliotangulia, na awalinde walio safarini.