Je, Wajua? Chai, Twiga na Majani Mekundu ya Novemba

Je, wajua kwamba bustani mojawapo inayosifiwa sana Japani iliachwa na mtu aliyeanza maisha kwa kukokota mkaa? Adachi Zenko, mzaliwa wa 1899, alisafirisha mkaa kwa mkokoteni ujanani na kuuza mwingine njiani kwa faida yake. Biashara zikamkubali. Mwaka 1970 alifungua jumba la sanaa mjini Yasugi, akaliwekea michoro ya Yokoyama Taikan na kulizungushia bustani ya ekari 40 hivi. Mkulima wa Olenguruone anajua ekari 40 zingetoa chai kiasi gani! Zile hazitoi hata kilo moja ya kupeleka kiwandani, na mgeni hazikanyagi. Anazitazama kupitia vioo. Ukuta mmoja umetobolewa tundu lenye umbo la mchoro mrefu wa kutundika, nayo bustani ndiyo mchoro wenyewe. Anayeubadilisha ni majira.

Mabadiliko makubwa huja Novemba. Mchana wa Japani, ambao Juni hufika saa 14 na nusu, huelekea kuwa wa saa 10 tu, na baridi huingia. Miti inayoitwa momiji huacha kutengeneza kijani. Umanjano ulikuwamo jani zima, umefichwa tu. Wekundu hutengenezwa upya siku hizo za mwisho. Olenguruone ina baridi ya kutosha, lakini iko karibu na Ikweta na mchana wake ni wa saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo miti haipati ishara hiyo. Sakitu ikianguka huku, jani la chai hubabuka tu, wala hakuna anayelipa kiingilio kulitazama.

Hata hivyo, je, wajua kwamba wekundu huo tunao? Chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, hupata rangi yake kwa anthosiyanini, jamii ileile ya rangi inayowasha momiji. Mchai wenyewe ni ndugu: mtawa Eisai anatajwa kuleta mbegu Japani kutoka China mwaka 1191, na Limuru ilipanda yake mwaka 1903. Ni spishi moja.

Si chai peke yake iliyovuka bahari; twiga pia alivuka. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle wa China twiga. Mwaka uliofuata akafika mwingine kutoka Malindi. Wachina waliwapokea kama wanyama wa heri wanaosimuliwa katika hadithi zao. Mwanakaligrafia Shen Du aliandika sifa za yule wa Bengal juu ya mchoro, na nakala yake imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kasri mjini Taipei, lenye vitu karibu 700,000 na bustani ya Kichina pembeni. Kwangu mimi, mchoro huo unatuhusu sana.

Taipei ni mbali, lakini kauri za China ziko Fort Jesus, Mombasa, na Gede, mji wa magofu ulio ndani ya msitu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Huko Mambrui, bakuli za Kichina zilipachikwa hata kwenye nguzo ya kaburi. Walimu wa Kuresoi mnaopanga safari za shule, Ziwa Nakuru watoto wamelizoea. Safari ijayo wapelekeni Gede.