Vifaa vya uoni hafifu

Vifaa vya uoni hafifu ni vyombo vinavyomsaidia mtu kutumia uwezo wa kuona uliobaki, pale ambapo miwani ya kawaida, dawa au upasuaji haviwezi kurudisha ule uliopotea. Watumiaji wake wengi ni wazee wenye ugonjwa wa kuzorota kwa makula. Makula ni sehemu ndogo katikati ya retina inayotumika kusoma na kutambua nyuso.

Namna vinavyofanya kazi

Makula ikiharibika, katikati ya kile kinachotazamwa huonekana ukungu au mistari iliyopinda, lakini pembeni huendelea kuonekana. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kutembea nyumbani bila kujigonga, lakini akashindwa kusoma maandishi kwenye chupa ya dawa. Kifaa cha kukuza hakiponyi retina. Huifanya taswira kuwa kubwa, hata ienee kwenye sehemu za retina ambazo bado ni nzima.

Aina

* Lenzi za kukuza: ni lenzi mbinuko za kushika mkononi, za kusimamisha juu ya ukurasa, au za kuvaa kama miwani. Nguvu yake hupimwa kwa dayopta. Lenzi ya dayopta 10 ina umbali wa fokasi wa sentimita 10. Ya dayopta 20, sentimita 5 tu. Kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo maandishi yanavyosogezwa karibu zaidi na maneno yanayoonekana kwa pamoja yanavyopungua. Kwa hiyo inayofaa ni lenzi yenye nguvu ndogo kabisa inayotosha kwa kazi husika.
* Darubini ndogo: hutumika kuona vitu vya mbali, kama vile ubao wa darasani au maandishi ya basi.
* Vikuzaji vya kielektroni: kamera huonyesha maandishi makubwa kwenye skrini. Samuel Genensky, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa na uoni hafifu, alishiriki kuviunda mwishoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi kamera ya simu inaweza kufanya kazi hiyo.
* Visaidizi visivyo na lenzi: taa iliyo karibu na ukurasa, kalamu nene nyeusi na rangi zinazotofautiana. Chai ya rangi huonekana vizuri katika kikombe cheupe, maziwa katika kikombe cheusi.

Mazoezi

Mtumiaji hufundishwa kutazama pembeni kidogo mwa kitu, ili taswira iangukie sehemu nzima ya retina. Asipofundishwa, kifaa mara nyingi huishia kabatini.

Tahadhari

Wengine huacha kusoma wakidhani wanayatunza macho. Kusoma kwa lenzi, hata kwa karibu sana, hakuongezi ugonjwa. Hata hivyo, vifaa si badala ya matibabu. Mistari iliyonyooka ikianza ghafla kuonekana imepinda, mgonjwa amwone daktari wa macho haraka, kwa kuwa aina ya ugonjwa yenye mishipa inayovuja huweza kudhibitiwa kwa sindano ikiwahiwa.