Si Kila Tundu la Taya ni Ugonjwa

Mwili huoza, lakini mfupa wa taya hudumu ardhini na kuhifadhi alama za maradhi. Mwaka 1921 wachimbaji wa madini huko Broken Hill, mji ambao leo ni Kabwe, Zambia, walifukua fuvu la binadamu wa kale aliyeishi takriban miaka 300,000 iliyopita. Meno yake mengi ya juu yalikuwa yameoza, na usaha ulikuwa umekula taya.

Hata hivyo, wachunguzi wa mifupa ya kale hawaharakishi hukumu. Tundu kwenye ncha ya mzizi wa jino, lenye kingo zilizolainika, huashiria jipu ambalo mwenyewe aliishi nalo kwa muda. Kingo kali, zenye rangi nyeupe kuliko mfupa wote, huonesha kuwa mfupa ulivunjika baada ya kifo, pengine wakati wa kufukuliwa. Kingo zilizoliwa bila mpangilio huzua shaka ya saratani.

Lipo tundu la aina nyingine, lenye funzo kubwa zaidi. Mwaka 1942 Edward Stafne, daktari wa meno wa Marekani, alieleza kasoro 35 alizoziona katika picha za eksirei. Kivuli chake hukaa karibu na pembe ya taya la chini, chini ya mfereji wa neva, kikafanana na uvimbe wa majimaji uliofichika mfupani. Kasoro hiyo imeonekana pia katika mataya ya watu waliozikwa karne nyingi zilizopita. Taya kavu likigeuzwa mkononi, ukweli hudhihirika: si kifuko kilichofungwa, bali kibonyeo kilicho wazi upande wa ndani, chenye ukuta laini. Kwa aliye hai, mara nyingi humo hukaa sehemu ya tezi ya mate. Hutokea zaidi kwa wanaume wa makamo, hakiumi, na kwa kawaida hakihitaji upasuaji.

Mhudumu wa afya, tazama kwanza mahali kivuli kilipo kabla ya kumtia mgonjwa hofu. Penye shaka, kipimo cha CT huonesha uwazi huo. Nawe mgonjwa, uliza kivuli kiko wapi na kama kinabadilika. Lakini uvimbe unaokua, ganzi ya mdomo, meno yanayolegea au usaha si mambo ya kusubiri. Yule wa Kabwe hakuwa na daktari wa kumwendea, wewe unaye.