Nilichora Makaa ya Kiboko Yakafika Galeri Nairobi: Vile Mambo ya Maonyesho Huenda

Wasee wengi hupita Kiboko wakienda Mombasa na hawajui wamepita. Ukitoka Nairobi, ukishaacha Emali na Simba nyuma, kabla ufike Makindu, hapo ndio kwetu. Kuna chemchemi, kuna nyanya na vitunguu, na kando ya barabara kuna magunia ya makaa. Mimi nilikulia hapo. Sai niko campo nasoma Fine Art, na kila nikirudi ocha naulizwa swali moja tu: "Sasa hiyo kuchora italeta ugali?"

Jibu ni refu kidogo. Kaa hapo nikupe yote, hasa kama pia wewe unachora na unadhani kazi ikitoka mezani imeisha.

Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa ya darasa, mwisho wa mwaka. Nilipeleka simba wawili na moran mmoja, zote nimetoa kwa simu. Mgeni mmoja akasimama, akaangalia, akaniuliza kwa upole, "Huyu simba ulimwonea wapi?" Manze, nilikosa jibu. Alienda zake, lakini hilo swali lilibaki. Hapo campo unapewa alama kwa vile umechora. Kwa ukuta, mtu asiyekujua anataka kujua kwa nini umechora, na haupo karibu kumwelezea.

Likizo nikarudi Kiboko nikaanza kuchora kile naona: gunia, koleo, mikono. Halafu nikaacha kununua mkaa wa kuchorea wa dukani, juu ni ghali, nikaanza kujichomea. Iko hivi. Chukua mkebe wa bati wenye kifuniko, toboa tundu moja dogo juu. Jaza vijiti vikavu vimetolewa maganda, funga, weka kwa moto. Moshi utatoka kwa tundu. Moshi ukikata, epua na uache mkebe upoe kabisa. Hapo kwa kupoa ndio wengi hukosea. Ukifungua mapema hewa inaingia, vijiti vinashika moto, unabaki na jivu. Na usichukue makaa ya jiko ukidhani ni kitu kimoja, hayo ni magumu, yatakwaruza karatasi. Ukimaliza mchoro, nyunyizia dawa ya nywele ya saluni ukiwa mbali kidogo ili vumbi lishike. Wenye ganji wako na dawa yake kamili. Sisi tuko na saluni.

Ukambani si mara ya kwanza mtu kutoka mbali na kitu kidogo. Kivuthi Mbuno alizaliwa Mwingi, Kitui, 1947. Hakusomea sanaa, alikuwa mpishi wa safari. Alishika penseli za rangi akachora wanyama na watu wa kwao, na kazi zake zikafika Venice 2013 kwa banda la Kenya. Ngori ni kwamba hilo banda lilikuwa limejaa wasanii wa China na Italia, Wakenya wakiwa wawili tu. 2015 ilitaka kurudi vile vile, wasanii wa hapa wakapiga kelele, Michael Soi akaichora hiyo aibu, na serikali ikajitoa. Kwa hivyo swali la nani anaonyesha kwetu ni nani si la campo pekee.

Mimi lilinipata kwa njia ndogo zaidi.

Galeri moja Nairobi ilitangaza inatafuta kazi za wanafunzi. Unatuma picha tano za kazi, maelezo mafupi ya unachofanya, na bei. Hayo maelezo niliyaandika mara saba. Mara ya kwanza nilijaza maneno makubwa sikuelewa hata mimi. Iliyopita ilikuwa na sentensi nne, ya kwanza ikiwa: "Nachora makaa kwa kutumia makaa." Wakachukua michoro miwili.

Kabla ufike siku ya kufungua, jua haya. Kila kazi inataka kibandiko: jina, umetumia nini, ukubwa, mwaka, bei. Fremu ni juu yako, na mchoro wa makaa bila kioo utafutwa na mkono wa kwanza kuugusa. Uliza mapema galeri inachukua asilimia ngapi, na upewe kwa maandishi. Yangu ilichukua 40. Stika nyekundu ikibandikwa kando ya kazi, imeuzwa. Na usichanganyikiwe na umati wa siku ya kwanza. Wengi wamekuja kwa marafiki na kinywaji. Wanunuzi wangu walirudi Jumanne, wakiwa wametulia.

Mmoja uliuzwa elfu 25. Galeri ikatoa elfu 10 yake, nikabaki na 15. Fremu 3,500, nauli na kula 1,600. Nilishika 9,900 mkononi na bado nilijiona tajiri.

Halafu simu ikalia. Ule mchoro ulikuwa na uso wa jirani yetu, mama anauza makaa tangu nikiwa nasari. Mtu alikuwa ametuma picha ya maonyesho kwa WhatsApp ya kijiji. Hakunitusi. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umenianika?"

Elewa mahali anatoka. 2018 Charity Ngilu, akiwa gavana wa Kitui, alipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti, na mwaka huo huo serikali ikasimamisha ukataji miti kwa misitu ya umma. Upande wetu wa Makueni pia watu walijifunza kuuza wakiangalia barabara. Mimi nilikuwa nimeweka sura yake kwa ukuta, na kibandiko kinasema Kiboko. Nilidhani namheshimu. Sikuwa nimemwuliza.

Nilipanda basi nikaenda kwake. "Mwaitu, nisamehe," nikamwambia. Nilimpa elfu tatu, akazikataa, nikaziacha chini ya kikombe cha chai. Niliongea na galeri wakaondoa picha mtandaoni. Mnunuzi naye alibaki na mchoro, ni wake, sikuwa na njia ya kuurudisha.

Sasa huwa nauliza kwanza. Mtu akikataa uso, nachora mikono au mgongo, na ukweli ni kwamba hizo kazi zimekuwa kali kuliko zile za mwanzo.

Kitu kingine nilichojua nikiwa nimechelewa: tangu sheria ya hakimiliki irekebishwe 2019, msanii Mkenya ana haki ya asilimia 5 kazi yake ikiuzwa tena na wenye biashara ya sanaa, kama mnada. Kwa hivyo weka rekodi. Piga picha kila kazi, andika aliyenunua na tarehe. Mimi niko na daftari ya kurasa 96, na imejaa moja.

Maonyesho mengine yanakuja muhula ujao. Wiki jana dereva wa basi aliniita stejini akanipa kifurushi kutoka Kiboko. Ndani kulikuwa na vijiti vimetolewa maganda, vyembamba, vimefungwa na kamba ya mkonge. Hakukuwa na barua.