Je, Wajua? Kwa Wewe Unayemuuguza Mzee Anayesahau

Je, wajua kwamba kidonda cha anayeuguza huchelewa kupona? Utafiti wa Ohio, Marekani, uliochapishwa 1995, uliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye dimensia, ule ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wasiouguza mtu. Wote walitobolewa kidonda kidogo mkononi, kisha siku zikahesabiwa. Vya wanaouguza vilichukua siku 9 zaidi kufunga. Kwa hiyo shangazi akisema unajidekeza ukilalamika umechoka, una ushahidi.

Je, wajua kwamba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa duniani hutolewa na wanawake? Shirika la Afya Duniani ndilo lililohesabu. Nyumbani kwenu pengine hakuna haja ya kuhesabu.

Je, wajua kwamba kitabu kimojawapo mashuhuri kwa wanaouguza, cha Nancy Mace na Peter Rabins, kilichotoka 1981, kimepewa jina la siku yenye saa 36? Kesha usiku mmoja na baba anayefunga mzigo saa nane usiku akitaka arudishwe kwao, na kwao ndipo hapo alipo, utaona hata hizo saa 36 ni chache.

Je, wajua kwamba tukio husahaulika, hisia yake ikabaki? Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Iowa kiliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha, vingine vya kufurahisha. Baada ya dakika chache wengi walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyatazama. Lakini huzuni ilikuwa bado imo ndani yao, na furaha vilevile. Tena waliosahau zaidi ndio waliokaa na huzuni muda mrefu zaidi, bila kujua imetoka wapi.

Sasa fikiria asubuhi yako. Umemwogesha mama, umempaka mafuta miguuni, umemnywesha uji huku mkiimba wimbo wa kwaya yake ya zamani. Saa sita anamwambia jirani hajaoga tangu Ijumaa na kwamba wewe unamnyima chakula. Inauma, hasa jirani akikutazama kwa lile jicho. Lakini utulivu alionao pale kwenye mkeka haukushuka wenyewe; ni uji wako na wimbo wako, hata kama jina lako limepotea. Na siku uliyomfokea? Omba radhi, mshike mkono, anzeni upya. Furaha nayo hubaki.

Je, wajua kwamba lugha ya utotoni mara nyingi ndiyo hudumu? Bibi aliyeishi Dar es Salaam miaka hamsini anaweza kurudi kwenye Kichaga, na wajukuu wakadhani anaropoka. Jifunzeni maneno matano tu: maji, choo, njoo, pole, nipo.

Je, wajua kwamba uchunguzi wa mwaka 2010 katika vijiji vya Hai, Kilimanjaro, ulikuta takribani wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia? Wanaonong'ona kwamba bibi wa nyumba yenu karogwa, huenda nao wana mgonjwa wao ndani.

Je, wajua kwamba kikao cha familia ni tiba? Huko New York, wenza 406 wa wagonjwa walishiriki utafiti. Nusu yao walipewa ushauri: vikao viwili vya faragha na vinne pamoja na ndugu, kisha mtu wa kumpigia simu wanapozidiwa. Wagonjwa wao walikaa nyumbani siku 557 zaidi kabla ya kupelekwa kwenye makao ya wazee.

Sisi vikao tunavijua sana. Cha harusi hukaliwa kila Jumapili miezi mitatu, na mchango wa kila mtu huandikwa daftarini. Cha mama hakijawahi kuitishwa. Kiitishe wewe, na daftari ulete: nani atalala naye Jumamosi, nani atampeleka kliniki, nani atanunua pampasi za mwezi ujao.