Kabla ya kikao cha ushauri nasaha kwa simu

Umepata mshauri nasaha, mmekubaliana kuongea Alhamisi jioni kwa video. Lakini nyumba ni chumba kimoja, mko watu wanne. Utaongelea wapi?

Mwambie mapema. Mnaweza kubadilisha saa, au mkaongea kwa simu ya kawaida, isiyomaliza bando. Vaa earphone, hapo watu watasikia maneno yako, si yake.

Malipo nayo yanaweza kukuanika. Ujumbe wa malipo huonyesha jina la aliyelipwa, na kama simu yako hushikwa na kila mtu nyumbani, basi habari imetoka kabla hujaamua kuisema. Ficha arifa zisionekane skrini ikiwa imefungwa. Soma pia jina la mpokeaji. Likiwa si la mshauri wala kliniki yake, usikamilishe malipo, muulize kwanza. PIN yako haimhusu hata kidogo.

Sheria ya mwaka 2014 inataka washauri na wanasaikolojia nchini wawe wamesajiliwa. Kumwomba nambari ya usajili si kumkosea heshima.

Na mtandao ukikatika ukiwa unalia, nani atampigia mwenzake? Kubalianeni hilo mwanzoni, na uweke salio la kupiga.